Mpiga Ngoma Umasaini

Kitengela, 9 Februari
Jua la nyanda za Kapiti limekaza ngozi kupita kiasi. Ngoma ndogo ya isukuti imepanda sauti hadi inakwaruza sikio. Nimelowesha kidole, nikazungusha maji pembezoni mwa ngozi ya kenge, kisha nikaiweka kivulini. Kwa Waisukha kule Kakamega kazi ilikuwa kinyume: unyevu huilegeza, kwa hiyo tuliikalisha karibu na moto kabla ya kwenda matangani. Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Ndogo haiachi njia. Kubwa ndiyo msemaji. Mwaka 2014 UNESCO iliitia isukuti katika orodha ya turathi zinazohitaji kunusuriwa haraka. Inaniuma, maana kila nilichopiga baadaye kilianzia kwenye ile ndogo.

Kajiado, 23 Februari
Harusi, ng'ambo ya Bissil. Nyimbo za asili za Wamaasai hazina ngoma, na bado sijasikia mapigo yaliyonyooka kama ya leo. Olaranyani, kiongozi wa wimbo, alitangulia peke yake kwa sauti ya juu. Wanaume wakaitikia chini, kooni, pumzi zikitoka na kuingia kwa pamoja. Mapigo yamo humo, kwenye pumzi. Akina mama walitupa mabega mbele, na zile shanga pana za shingoni zikainuka na kuanguka kifuani, cha, cha, nyuma kidogo ya sauti. Nilimtazama mama mmoja kwa muda mrefu. Hakumwangalia mwenzake hata mara moja, wala hakuwahi wala kuchelewa.

Mzee aliyeketi kando yangu aliniuliza, "Mwalimu, ngoma yako umeiacha wapi?"

"Leo nimekuja kusikiliza, Mzee."

Kitengela, 16 Machi
Mazoezi ya okestra Nairobi. Foleni ya Barabara ya Mombasa imenirudisha usiku. Tunaandaa Boléro ya Ravel, ya mwaka 1928. Ngoma ndogo yenye nyaya inashika mpigo mmoja wa baa mbili na kuurudia mara 169, ikianza kwa sauti ya chini kabisa na kupanda bila kuongeza mwendo. Watu hudhani shida ni mkono kuchoka. Shida ni kwamba kila ala mpya inapoingia, mwili unataka kuikimbilia. Leo nilipumua kama wale wanaume wa Bissil, nikifuata mzunguko, na mwendo haukutikisika. Kwangu hii ni kazi ileile ya isukuti ndogo: kutoiacha njia ili wengine waseme.

Kitengela, 30 Aprili
Siku ya Jazi Duniani. Tulipiga watatu hotelini: piano, besi na mimi. Katika jazi mwendo uko kwenye toazi la mkono wa kulia, na mkono wa kushoto unamjibu anayesimulia. Nimemfikiria sana mpiga ngoma Guy Warren wa Ghana, aliyekuja kujiita Kofi Ghanaba. Alikwenda Marekani miaka ya 1950, na mwaka 1956 ikatoka santuri yake Africa Speaks, America Answers. Baadaye, kwao, alipiga "Hallelujah" ya Handel kwa ngoma za fontomfrom huku kwaya ikiimba. Hakuna aliyenifundisha habari zake shuleni, na nilistahili kuzijua mapema. Mpiga ngoma wetu Kasiva Mutua naye aliyapata mapigo ya kwanza kwa bibi yake, akayafikisha jukwaa la TED mjini Arusha mwaka 2017, akieleza jinsi wanawake walivyokatazwa kupiga ngoma.

Kitengela, 11 Mei
Mwanafunzi mpya, binti wa Kimaasai. Baba yake aliniuliza atajifunza ngoma ya nani. Sikujibu moja kwa moja. Nilimwomba binti aimbe wimbo wa nyumbani. Alipofika kwenye kiitikio mabega yakaanza yenyewe. Nikampa vijiti viwili na mto wa kiti, nikamwambia ayateremshe hayo mabega hadi mikononi. Ilichukua muda, kisha yakashuka. Baba akaacha simu yake, akaitikia kwa koo.

Wiki ijayo atashika isukuti ndogo. Nota tutaanza muhula ujao, na toazi baada ya hapo.