Injini ya 1914, upawa wa chuma na mjomba wa Muheza

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima, hadi wengine mmeanza kuulizana kama baridi ya Michigan imenimeza. Nipo. Mitihani ya katikati ya muhula imepita salama, chakula cha bwenini bado hakina chumvi, na Jumamosi zangu tangu Septemba zimeliwa na injini moja ya mwaka 1914. Ndo habari ya leo. Wasiopenda mambo ya spana mnivumilie kidogo, maana huko mbele kuna jambo linatuhusu wote.

Mambo yalianza na kikaratasi kwenye ubao wa matangazo wa karakana yetu hapa chuoni. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa anatafuta mwanafunzi wa uhandisi mitambo mwenye "mikono miwili inayotulia". Nilidhani ni utani. Kufika kwake nikaelewa. Ana miaka 81, na kikombe cha kahawa anakishika kwa mikono yote miwili na bado kinamwagika. Gereji iko nyuma ya nyumba, safi kuliko chumba changu, na katikati imekaa Ford Model T haina injini. Injini yenyewe ilikuwa pembeni, juu ya stendi ya mbao, imefunguliwa nusu. Aliianza miaka mitatu nyuma, halafu mikono ikamgomea.

Kwa mliokuwa mnasinzia kipindi cha historia ya teknolojia: Model T ilitengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, na yalitoka zaidi ya magari milioni 15. Hili la mzee ni la kiwanda cha Highland Park, jirani kabisa na Detroit, pale ambapo mwaka 1913 walianza kuyasogeza magari mbele ya wafanyakazi badala ya wafanyakazi kulizunguka gari. Kufikia 1914 fremu iliyokuwa ikichukua zaidi ya saa 12 kuunganishwa ilikuwa inamalizika kwa saa moja na nusu hivi.

Injini yake ukiiona utacheka. Silinda nne, ujazo wa lita 2.9, yaani kubwa kuliko ya Noah zetu, halafu nguvu farasi 20 tu! Bodaboda mbili au tatu hivi zikishikana zinaifikia. Haina pampu ya oili: flaiwili inarusha oili juu, kijibomba kinaipokea na kuipeleka mbele, na konrodi zinajichovya zenyewe zikipita chini. Haina pampu ya maji: maji yakipata moto yanapanda kwenda kwenye rejeta, yakipoa yanashuka. Petroli nayo inateremka yenyewe kutoka kwenye tangi lililo chini ya kiti, kwa hiyo kwenye mlima mkali, tangi likiwa karibu kuisha, dereva aligeuza gari akapanda kinyumenyume. Jamani nilicheka siku hiyo.

Ila kilichonishika zaidi ni kifuniko kidogo kilicho chini ya injini. Ukikifungua, unafikia beringi za konrodi bila kushusha injini. Mkulima wa hapa Marekani enzi hizo, gari likianza kugonga, alilala chini yake, akafungua kifuniko, akatoa kipande chembamba cha shaba katikati ya vikombe vya beringi, akakaza, akaendelea na safari. Yaani waliounda injini hii walijua kwamba itachakaa, na walimwachia mwenye gari mlango wa kuingilia.

Sasa tatizo letu. Krankshafti ya Model T imeshikwa na beringi tatu tu, na unene wake pale kwenye beringi ni inchi moja na robo, kama mpini wa jembe. Tuliipeleka kwenye karakana moja wanayo sumaku na unga wa chuma wa kupimia nyufa. Unawasha sumaku, unanyunyiza, unamulika, na unga unajipanga pale palipo na ufa. Ulijipanga kwenye kona ya shingo ya tatu, mstari mwembamba kama unywele. Mzee hakusema neno. Alichukua chaki akaandika X kubwa juu ya shafti yake. Bahati nzuri gari hili lilitengenezwa kwa wingi mno na vipuri vyake vinaingiliana, kwa hiyo akapata krankshafti nyingine ya miaka ya 1920 iliyopimwa ikaonekana nzima, ikakubali.

Lakini shafti mpya inataka beringi mpya, na hapo ndipo hadithi yenyewe ilipo. Beringi za injini hii huzipati dukani kwenye boksi. Zinamiminwa. Unayeyusha metali nyeupe inayoitwa babiti, ambayo sehemu yake kubwa ni bati (bati lenyewe, siyo la kuezekea), ikichanganywa na antimoni na shaba kidogo. Jina linatokana na Isaac Babbitt, Mmarekani aliyeivumbua mwaka 1839. Ni laini, na ulaini huo ndo kazi yake: uchafu ukiingia unazama kwenye babiti badala ya kukwangua shafti, na oili ikipungua inakufa beringi, shafti inapona. Unaimimina moja kwa moja ndani ya bloku, nayo inajishika kwenye matundu yaliyotobolewa kwa ajili hiyo.

Zipo karakana zinazofanya kazi hiyo hadi leo, lakini foleni ni ndefu na bei yake siyo ya pensheni ya mwalimu. Mzee vifaa vyote anavyo, na zamani alishawamiminia wenzake wengi. Asichokuwa nacho ni mkono wa kushika upawa uliojaa metali ya moto bila kutetemeka. Bloku ni la chuma cha kumimina, lina zaidi ya miaka mia moja. Ukilipasha vibaya linapasuka, na ukimimina penye unyevu babiti inakurukia usoni. Akaniambia, "Kijana, nitasimama pembeni yako. Ila mkono utakuwa wako."

Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake saa sita mchana, ambayo Muheza ni saa mbili usiku, nikampigia mjomba.

Wengi wenu hamumjui mjomba wangu. Alifanya kazi karakana ya kiwanda cha mkonge miaka mingi, alikuwa anatunza korona. Msishtuke, hiyo ni mashine ya kuchakata majani ya mkonge, ilikuwepo na jina lake kabla ya ule ugonjwa. Siku hizi anatengeneza mashine za kusaga na kukoboa pale mjini. Tulipokuwa wadogo tulimwona anayeyusha kitu kwenye sufuria nyeusi nyuma ya nyumba, na shangazi anatufukuza tusisogee.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Huko baridi?"

"Baridi kali mjomba. Nina swali la kazi. Umewahi kumimina beringi?"

Akanyamaza kidogo, halafu akacheka. "Za korona nani alikuwa anazimimina? Spea kutoka Ulaya miezi sita, na mkonge haungoji."

Basi nikamweleza. Hakuniuliza habari za joto kwa nyuzi wala asilimia za bati. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Chuma chenyewe kimeshatoa jasho?" Sikumwelewa. Akasema chuma kilicholala kwenye baridi, ukikipiga moto ghafla, hutoa jasho, na jasho hilo ndilo linaloua watu. Kipashe taratibu, jasho litoke, likauke, endelea kupasha, ndipo ulete upawa. Yeye ana kovu kwenye mkono wa kushoto, siku zote nilidhani ni la maji ya moto. Akaongeza mawili: shafti ya bandia ya kumiminia uipake masizi ya koroboi ili babiti isiing'ang'anie, na kujua kama imeiva uchovye kijiti kikavu. Kikigeuka rangi ya kahawia bila kushika moto, mimina. Kikiwaka, umepitiliza. "Na ukianza kumimina usisimame, hata ukiitwa na nani."

Jumamosi nikafika gereji. Mzee alikuwa ameshawasha jiko la gesi chini ya bloku, moto mdogo kabisa. Akasema tutasubiri saa nzima, kwa sababu chuma cha baridi lazima kitoe unyevu wake kwanza. Nikamtazama tu. Kisha akachukua mwali wa gesi unaotoa moshi mweusi, akaipaka masizi shafti ya bandia. Kisha akatoa mfukoni kijiti cha msonobari.

Wandugu, nywele zilinisimama. Wazee wawili, mmoja Muheza na mmoja Michigan, hawajawahi kuonana, kila mmoja anaongea lugha asiyoijua mwenzake, na wana utaratibu mmoja, hatua kwa hatua. Nikamwambia mzee habari za mjomba. Akakaa kwenye kigoda, akataka kujua kila kitu: korona ni nini, shafti yake unene gani, kijiti cha mti gani. Tukapoteza dakika 40, na jiko linaendelea.

Nikavaa glovu za ngozi na kioo cha uso, nikachovya kijiti, kikawa kahawia. Upawa ukajaa. Nikamimina beringi ya mbele bila kusimama, nikamaliza, nikaanza kupumua tena. Ya nyuma ikatoka safi. Ya kati ilipopoa ilionyesha kamstari kadogo, dalili kwamba metali iliingia pale chuma kikiwa kimeanza kupoa. Mzee akasema inayeyushwa, inarudiwa. Tukarudia. Mara ya pili ikang'aa kama sahani.

Baada ya hapo ni kazi ya uvumilivu. Unachonga beringi zote tatu kwa pamoja zikae mstari mmoja, unapaka shafti rangi ya bluu, unailaza, unaizungusha, unaitoa. Palipoguswa na bluu pamepanda, unakwangua kidogo sana. Unarudia. Nafasi inayotakiwa kati ya shafti na beringi ni kama inchi 0.0015, nusu ya unene wa unywele, ndipo oili inapokaa. Beringi ya nyuma ina jukumu la ziada: inazuia shafti isicheze mbele na nyuma. Flaiwili ya gari hili imebeba sumaku 16 zinazopita karibu kabisa na koili zilizofungwa kwenye fremu, na huo ndo umeme wa plagi. Beringi ikiisha, sumaku zinasogea na kugonga koili. Kwa hiyo upawa mmoja ukikosewa, unapoteza na umeme.

Jumamosi iliyopita tulipiga hendeli. Mzee mwenyewe alikaa kwenye kiti, akapandisha juu kabisa wenzo wa kushoto ili cheche ichelewe, maana ikiwahi hendeli inarudi na kuvunja mkono. Mimi mbele, kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, navuta kwenda juu, sisukumi chini. Nikavuta waya wa choki ulio pembeni ya rejeta, nikazungusha mara mbili taratibu. Ya tatu nikavuta kwa nguvu. Ikakohoa. Ya tano ikawaka. Haikupiga kelele nilizotegemea, ilikuwa inatembea polepole kama mtu mzima anayepanda ngazi, unaweza kuhesabu kila silinda. Mzee alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya usukani. Injini inatikisika, usukani unatikisika, mikono inatikisika, na kwa mara ya kwanza sikuweza kujua kipi kinamtikisa mwenzake.

Sasa lile jambo linalotuhusu. Mzee anayo rafu nzima ya vitabu vya gari hili. Kuna chama chao, Model T Ford Club of America, kina jarida lake, kila kipimo kimeandikwa, spea mpya zinatengenezwa. Mzee akiondoka leo, mtu mwingine atafungua kitabu na kuendelea. Mjomba hana ukurasa hata mmoja. Korona, vinu, mashine za dizeli za zamani, yote yako kichwani mwake, na jicho la kulia limeshaingia mtoto wa jicho. Vijana wawili aliokuwa nao wamehamia kwenye bodaboda, na siwalaumu, kule hela inaonekana jioni hiyohiyo. Na sisi tulio vyuoni, ukimtaja fundi wa mtaani, wengine tunacheka. Hapa nilipo, kazi ileile ya kwenye sufuria nyeusi inapangiwa foleni.

Kwa hiyo nimeamua. Ripoti yangu ya mwaka wa mwisho nilitaka iwe ya mitambo ya upepo, nimebadilisha. Nimemwandikia msimamizi wangu kwamba nitapima na kuandika jinsi beringi zinavyomiminwa kwenye mashine za mkonge na za kusaga mkoani Tanga, na mtaalamu wangu mkuu ni fundi wa Muheza asiye na cheti. Hajajibu bado. Akikataa, Julai nitakwenda hivyo hivyo kwa nauli yangu.

Nilimpigia mjomba kumpa habari, nikamwambia nitakuja na kamera. Akasema kamera haina neno, lakini bati safi limekuwa ghali sana siku hizi, kwa hiyo nije na kilo kumi na nisikae tu kupiga picha. Upawa atanipa mimi.

Wenye wajomba, baba na babu mafundi, kawasikilizeni wikiendi hii, na mwende na daftari. Mimi narudi kwenye vitabu, kesho nina jaribio la mtiririko wa joto na sijafungua hata sura ya pili. Alamsiki.