Kisu cha Mwingereza Ndani ya Namanyere

Ukiwaaga watu wa Dar kwamba unakwenda Sumbawanga, utani utakaoupata ni ule ule: radi. Usigombane na mtu huko, watakuambia, utapigwa radi mchana kweupe. Wengine, wenye kupenda tumbo, watakuagiza maharage. Mimi sikuagizwa kitu, na nilichokifuata Ufipa kiliwachekesha wote. Nilikwenda kutafuta kisu.

Si kisu cha bucha, msomaji wangu, wala cha ugomvi. Ni kile cha kukunja, cha mfukoni, cha Mwingereza wa zamani, ambacho wazee wetu walimenyea chungwa mpaka ganda linashuka chini refu kama utepe. Visu hivyo mjini vimekwisha. Nikaambiwa kama vipo, basi vipo kwa wazee wa Nkasi.

Namanyere ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Nkasi. Kutoka Sumbawanga unapita Chala, unakata uwanda mpana wa Ufipa, upepo unakupiga mpaka masikio yanauma. Nenda Juni au Julai bila koti uone! Kutoka Namanyere njia nyingine inateremka Kirando na Kipili, kwenye Ziwa Tanganyika, ndiyo maana sokoni hapo mahindi, ulezi na maharage ya juu hukutana na migebuka na dagaa wa chini.

Visu vya Ulaya vilifikaje huku? Si ajabu. Mjerumani alikuwa na boma lake Bismarckburg, ambako leo ni Kasanga. Meli yake, Graf von Goetzen, ilishushwa majini Kigoma mwaka 1915, nayo ndiyo Liemba tunayoijua. Vita ilipokwisha akaja Mwingereza, akakaa mpaka 1961. Kila mmoja alikuja na chuma chake. Hata Okapi, kisu cha mpini wa mbao chenye kipete cha kufungulia, kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya Afrika. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini.

Lakini chuma cha visu cha Mwingereza kina mji wake: Sheffield. Chama cha mafundi visu wa huko kilianzishwa mwaka 1624. Humo humo, mwaka 1913, Harry Brearley ndiye aliyetoa chuma kisichoshika kutu, kile kilichojaa majikoni mwetu leo. Na fundi Stan Shaw, aliyefariki mwaka 2021, alitengeneza visu vya mfukoni kwa mikono yake mjini hapo kwa zaidi ya miaka 70. Huyo ni fundi mmoja tu!

Sasa tuingie mnadani. Kijana mmoja alikuwa ametandika turubai chini: makufuli, tochi, betri, nyembe. Katikati kisu cha kukunja kinang'aa kama kioo cha saluni, kimeandikwa SHEFFIELD kwa herufi kubwa.

"Braza, hiki ni orijino. Uingereza mtupu. Elfu kumi na tano."

Nikakichukua. Hapa ndipo nataka unifuate pole pole, maana usipojua utauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwanza, alama. Kwenye kisu cha kweli, jina la fundi limegongwa kwenye shina la ubapa, pale unapoingia kwenye mpini. Ukipitisha kucha unasikia shimo. La kisu hiki lilikuwa limechapwa juu juu kama rangi ya mdomo. Kucha ilipita bila kukwama.

Pili, mlio. Visu vya Kiingereza vya jadi vingi havina komeo. Kinachoshika ubapa ni springi ya chuma iliyolala mgongoni mwa mpini. Ukifungua lazima kiseme "tak!" na ukifunga hivyo hivyo. Hiki kilifunguka kimya, kama mlango wa choo cha stendi.

Tatu, mwanga. Kinyanyue juani utazame kati ya springi na mabamba ya mpini. Fundi wa kweli haachi mwanga upite. Mimi niliona mpaka paa la duka la jirani.

Nne, mtikiso. Kifungue, shika ncha, sukuma kushoto na kulia. Kikicheza, weka chini. Kifunge uone kama ubapa umelala katikati au unakwaruza ukuta.

Tano, limau. Chuma cha zamani kilikuwa na kaboni nyingi na hakikuzuia kutu. Kata limau, usikifute, subiri kidogo: kitaanza kufifia na kuwa kijivu. Usikitupe kwa hilo! Weusi ule ndio koti lake. Kinanolewa upesi kwa jiwe la kawaida, na makali yake ni ya hatari. Kisichobadilika rangi ni cha kizazi cha Brearley. Si kibaya, ila usiambiwe ni cha enzi ya babu.

Kijana alinitazama nikimaliza ukaguzi, akauliza: "Braza, we unanunua kisu au unaoa?"

Watu wakacheka. Nami nikamwambia ukweli: kwa kumenya muwa kisu chake hakina neno. Ubaya wake ni jina kililovalishwa, na bei iliyopandia juu ya hilo jina.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa mzee mmoja wa makamo ya kutembelea fimbo, koti zito, ameketi kwenye gogo. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akajibu, akaingiza mkono ndani ya koti. "Hebu kague na hiki."

Bwana wee! Mpini wa mfupa, umegeuka njano kama jino la mvuta tumbaku. Ubapa mweusi. Kwenye shina, nyota na msalaba. Hiyo ni alama ya Joseph Rodgers wa Sheffield, iliyoigizwa na matapeli wa dunia nzima kwa sababu ya sifa zake. Kampuni yenyewe ndiyo iliyoimeza Wostenholm mwaka 1971. Chini ya alama pana neno ENGLAND. Neno hilo nalo linasema kitu: mwaka 1890 Marekani ilipitisha sheria kwamba bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka, na viwanda vingi vikaanza kuligonga. Nikafungua. Tak! Nikatazama juani. Giza.

Mzee akaeleza kwamba baba yake alikwenda kuwa manamba kwenye mkonge huko Tanga, akarudi na blanketi, baiskeli na kisu hiki. Blanketi liliisha, baiskeli iliuzwa. Sasa mjukuu wake wa kike amepangiwa shule ya bweni, anatakiwa godoro na tranka. "Nipe elfu ishirini."

Yule kijana akaninong'oneza: "Chukua upesi, mzee hajui."

Hapo ndipo ujuzi unapokuwa mzigo. Anayejua thamani ya kitu kuliko mwenye nacho ana njia mbili tu, na moja ni wizi hata kama hakuna polisi wa kuukamata. Nikamwambia: "Babu, ubapa wako umeliwa na jiwe, umebaki nusu. Kwa wakusanyaji wa Ulaya hilo linashusha bei. Lakini ni cha kweli, na elfu ishirini ni kukupunja. Mimi nitakupa elfu sitini, na ukikipeleka Dar huenda ukapata zaidi."

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Akakifunga, tak, akakirudisha kwenye koti.

"Kama wewe usiyemjua baba yangu unakipa elfu sitini," akasema, "basi mimi ninayemjua sina bei yake. Mwanangu, nina maharage."

Nikanunua debe tatu kwa bei aliyotaja, bila kuomba punguzo. Ndiyo, maharage!

Tukakaa tukaongea. Akaniambia babu yake yeye hakununua chuma, walikichimba. Na ni kweli tupu. Wafipa walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma. Walijenga matanuri ya udongo marefu, malungu, kufika kama mita tatu, hewa ikivutwa na tanuri lenyewe kupitia mirija ya udongo chini, bila mvukuto. Kisha chuma kilisafishwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, na hapo ndipo mvukuto ulipofanya kazi. Tanuri lilitazamwa kama mke, na chuma kama mtoto anayezaliwa. Profesa Bertram Mapunda alifanya utafiti huo Nkasi kwa miaka na kuuandikia kitabu. Kazi ile ilififia katika miongo ya kwanza ya karne ya 20, chuma rahisi cha Ulaya kilipojaa madukani. Kwa hiyo kisu kile kizuri cha mzee ni ndugu wa mzigo uliozima moto wa babu yake.

Moto wenyewe, hata hivyo, haukuzimika wote. Wahunzi wapo, ila siku hizi wanafua springi za malori, chuma kigumu kweli kweli. Nilinunua kwa mmoja wao kisu kisichokunjwa, mpini wa mti, hakina jina wala nyota. Mtikiso hakina, mwanga haupiti, kwenye limau kiligeuka kijivu mara moja.

Nawe ukienda mnadani kutafuta kisu, cha Mwingereza au cha muhunzi, beba limau mfukoni. Ndilo litakalokuambia ukweli, maana muuzaji ana watoto wa kulisha.