Kijiko cha Bibi

Akina mama wenzetu, sisi wauguzi tunajua kusema tukiwa kliniki. "Mtoto anyonye maziwa ya mama tu mpaka miezi sita, hata maji asipewe." Kwetu Uru mambo yalikuwa hivi: likizo ya uzazi ni siku 84. Ilipokwisha tukapanda daladala ya alfajiri kushuka Moshi mjini, mtoto tukamwacha kwa mama mkwe.

Wiki ya pili mtoto akaharisha. Jikoni tukakuta sufuria ya mtori na kijiko kidogo. Tukamgombeza mama, Mungu atusamehe. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, analia tangu asubuhi. Uliniachia nini nimpe?"

Hatukuwa na jibu. Wanawake wengi tuliowafundisha kunyonyesha hatukuwauliza hata siku moja wanarudi kazini lini.

Mtoto alipopata nafuu, tulikaa na mama tukamwonyesha maziwa yanavyokamuliwa katika kikombe safi chenye mfuniko. Anyweshwe kwa kikombe, si chupa, maana kikombe huoshwa kwa urahisi. Mama akacheka: "Kumbe kama ng'ombe wangu!"

Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 humpa mama mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Kwa daladala zetu zingeishia njiani, hivyo tukaomba kutoka mapema. Siku nyingine tulikubaliwa, siku nyingine wodi ilijaa.

Alipotimiza miezi sita, mtori ulipikwa. Kijiko alikishika bibi.