Mkunga na Hadithi za Kesho

Akina mama wenzangu, kila mmoja wetu ana kitu kidogo kinachomrudishia nguvu. Mwingine ni kufuma vitambaa, mwingine ni kwaya, mwingine ni bustani ya mchicha nyuma ya nyumba. Changu mimi ni hadithi za kubuni za sayansi: habari za vyombo vinavyokwenda kwenye nyota, mashine zinazofikiri na miji ya miaka mia ijayo. Mama mkwe wangu akinikuta na kitabu cha namna hiyo hucheka na kuniuliza, "Mwanangu, umeshachoka na watu wa dunia hii?" Nami humjibu kwamba nasoma ili nisiwachoke.

Mimi ni muuguzi mkunga katika wodi ya wazazi ya hospitali moja hapa Dodoma. Nyumbani kwetu ni Ipagala, nina mume na watoto watatu. Zamu ya usiku ikiniangukia, natoka jua likizama, chakula cha watoto kimeshafunikwa mezani. Nikifika, wenzangu wa mchana wananikabidhi ripoti kitanda kwa kitanda: huyu ni mimba ya kwanza, njia imefunguka sentimita nne, yule presha imepanda, yule wa pembeni amejifungua kwa upasuaji, angalia kidonda. Kuanzia hapo ni kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, kujaza chati ya uchungu, kubadili dripu, na kumshika mkono binti anayelia kwa Kigogo akimwita mama yake. Asubuhi narudi kwa daladala, miguu imevimba. Na nyumbani nako sare za shule zinasubiri kufuliwa, na ndoo zinasubiri kujazwa kabla maji ya bomba hayajakatika.

Kazi hii ina hatari moja isiyosemwa sana, nayo ni moyo kuwa sugu. Ukiona machozi kila siku, unaweza kuanza kuona vitanda badala ya watu. Nimewaona watu wema wakifika hapo. Ndiyo maana kila muuguzi, na kwa kweli kila mama anayelea, anahitaji mahali pa kuupumzisha moyo wake.

Vitabu vilivyonifundisha

Nilianza na Jules Verne, Mfaransa, ambaye mwaka 1863 alitoa hadithi ya wasafiri watatu wanaovuka Afrika kwa puto. Wanapaa kutoka Unguja, wanaelea juu ya nchi yetu hii kuelekea magharibi mpaka Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Huko wenyeji wanadhani puto ni mwezi, na daktari wa msafara anaitwa akamtibu mtawala mgonjwa. Verne hakuwahi kufika huku, na namna alivyowachora babu zetu haipendezi. Hata hivyo watoto wangu walilipenda lile puto, wakatoka uani kutazama juu.

Baadaye nikakipata Walenisi cha Katama Mkangi wa Kenya, kilichotoka mwaka 1995 kwa Kiswahili chetu. Dzombo anahukumiwa kufa na kutiwa katika chombo cha angani, lakini anajikuta kwenye sayari ambako watu wanaishi kwa usawa. Jina lenyewe ni fumbo: wale ni sisi. Nilipokimaliza nikaelewa kwamba hadithi hizi, ingawa zinataja nyota, zinatuhusu sisi.

Aliyenigusa kuliko wote ni mwanamke wa Uingereza, Mary Shelley. Wengi humhesabu kuwa mwanzilishi wa hadithi za namna hii kwa kitabu chake Frankenstein cha mwaka 1818, alichoanza kukiandika akiwa na miaka 18 tu. Kinamsimulia kijana mwanasayansi anayeunda kiumbe na kukipa uhai, kisha anakiogopa na kukikimbia. Nilipotafuta habari za maisha ya mwandishi mwenyewe, niliiona wodi yetu.

Mary alizaliwa London tarehe 30 Agosti 1797. Mama yake, Mary Wollstonecraft, alikuwa mwandishi aliyetetea elimu ya wanawake. Mtoto alitoka salama, lakini kondo la nyuma likabaki. Daktari akaitwa, akalitoa kwa mkono, vipande vipande. Siku hizo habari za vijidudu zilikuwa hazijajulikana, wala hapakuwa na glovu. Homa ikapanda, na tarehe 10 Septemba mama akafariki. Mkunga yeyote akisoma habari hii anajua kilichotokea: ni homa ya uzazi. Ilipita miaka 50 ndipo daktari Ignaz Semmelweis wa Vienna, mwaka 1847, alipoonyesha kwamba kunawa mikono kwa maji ya klorini kunapunguza vifo hivyo, na wenzake wengi wakampinga.

Mwaka 1815 Mary mwenyewe, akiwa na miaka 17, alijifungua mtoto wa kike kabla ya miezi kutimia. Mtoto hakufikisha wiki mbili. Katika daftari lake la kila siku Mary aliandika kwamba aliota mtoto wake amerudi. Kumbe alikuwa amepata baridi tu, wakamsugua mbele ya moto, naye akaishi. Niliposoma hayo nilikiweka kitabu chini. Kumsugua mtoto na kumpa joto ndizo hatua za kwanza tunazofanya sisi. Ndoto ya binti yule aliyefiwa leo ni kazi yetu ya kila siku.

Dakika ya dhahabu

Mtoto anayezaliwa bila kulia ana dakika moja, nasi tunaiita dakika ya dhahabu. Unamkausha, unamsugua mgongo, na asipopumua unampulizia hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika hiyo haijaisha. Tanzania ilikuwa kati ya nchi za mwanzo kuyajaribu mafunzo haya, kuanzia mwaka 2009. Utafiti wa hospitali nane nchini, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Hapo hakuna mashine ya ajabu. Ni mikono, kitambaa kikavu na mfuko wa hewa.

Usiku mmoja wa Julai, baridi ya Dodoma ikiwa imekaza, alizaliwa mtoto amelegea, kimya. Mama yake aliuliza mara moja tu, "Sista, mbona halii?" Sikuwa na nafasi ya kumjibu. Nikamkausha, nikamsugua, kimya. Nikamwekea barakoa, nikapuliza huku nikitazama kifua kikipanda, mwenzangu akihesabu mapigo kwenye kitovu. Mara mtoto akakunja uso kama mzee aliyeamshwa usingizini, akalia. Lakini usiku mwingine mtoto halii. Hapo tunamfunga vizuri khanga na kumpa mama yake amshike, kwa sababu naye ni mama. Mtu akitoka kwenye zamu ya namna hiyo, hawezi kuingia nyumbani na kuanza moja kwa moja kukaripia watoto kwa vikombe visivyooshwa.

Kwa hiyo tumepatana na mume wangu. Asubuhi baada ya zamu ya usiku, nusu saa ni yangu na kitabu changu, kisha nalala. Yeye anawatayarisha watoto kwenda shule. Mwanzoni majirani walishangaa, siku hizi wamezoea.

Rafiki yangu mmoja wa kikundi cha akina mama aliniuliza kama vitabu hivi havimfundishi mtu kujifanya muumba. Nilimsimulia habari za Frankenstein. Kosa la kijana yule halikuwa kujua mengi. Alikikimbia alichokileta duniani, na kiumbe kile, ambacho mwanzoni hakikuwa kibaya, kikaharibika kwa kukosa mlezi. Rafiki yangu alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimwazime.

Mengine yaliyokuwa hadithi sasa tunayaona. Rwanda ilianza kupeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani mwaka 2016. Hapa kwetu Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza mwaka 2018. Hadithi nyingine zinatuonya. Katika filamu fupi Pumzi ya mwaka 2009, Wanuri Kahiu wa Kenya anaonyesha dunia iliyoishiwa maji, na mwanamke anayeutunza mche mmoja hata kwa jasho lake. Sisi wa Dodoma hatuhitaji kufafanuliwa hilo.

Akina mama, watafutieni watoto wenu vitabu hivi, hasa mabinti. Jumamosi mimi huwasomea wangu sura moja. Juzi binti yangu wa pili aliniuliza, "Mama, watu wakihamia mwezini, nani atawazalisha?" Nikamwambia itabidi apelekwe mkunga. Akafikiri, kisha akataka kujua kama huko nako kuna zamu za usiku.