Barua kutoka Louisville: Watuletee Pikapu ya Kazi

Ndugu zangu wa Nakivale, Masha na Mbarara,

Nawaandikia kutoka Louisville, Kentucky. Vijana kadhaa wa huko wameona picha za magari ya huku wakaniuliza: kwa nini Wamarekani hawatuletei pikapu zao kubwa? Swali limenifikia mahali pake, kwani mji huu ndio wenye kiwanda cha Ford kinachounda pikapu nzito za Super Duty, na barabarani zimejaa kila unapogeuka.

Niwaeleze zilivyo. Pikapu za Ford za F-Series zimeongoza mauzo ya Marekani kwa zaidi ya miaka 40. F-150 ina upana wa zaidi ya mita 2, bila kuhesabu vioo vya pembeni, na ikiwa mpya bei yake huanzia karibu dola 40,000. Ninazoziona zaidi zina milango minne na viti vipana vya familia nzima. Watu huziendesha kwenda kazini, kanisani na dukani. Nyuma, bodi ya nyingi kati ya hizo ina urefu usiofika hata mita 1.75. Hilux ya Toyota ya kabini moja, ambayo kwa nje ni nyembamba kuliko F-150, ina bodi ya takriban mita 2.3. Anayepakia mikungu ya matoke Isingiro au madebe ya maziwa ya kupeleka Mbarara anajua tofauti hiyo ina thamani gani.

Nitende haki: kwa kuvuta trela magari haya yana nguvu kweli. F-150 iliyofungwa vifaa vyote inaweza kuvuta hadi tani 6. Lakini mzigo mzito wa huko tayari una Fuso na Canter, ambazo kila gereji inazijua na spea zake zinapatikana.

Kuna pia suala la usukani. Uganda tunaendesha upande wa kushoto, na F-150 hutoka kiwandani na usukani wa kushoto. Dereva aliyekaa upande huo, akitaka kulipita lori kwenye barabara ya Masaka kwenda Mbarara, haoni kinachokuja mbele mpaka gari lake limekwisha kutoka. Australia, wanaoendesha kama sisi, walilitatua jambo hilo kwa fedha: tangu 2023 F-150 zinazofika huko huhamishwa usukani mjini Melbourne kabla ya kuuzwa. Gharama hiyo anailipa mnunuzi. Mkulima wa Masha ataitoa wapi?

Linaloniumiza zaidi ni watoto. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani ya usalama barabarani, IIHS, ilionyesha kwamba gari lenye boneti iliyoinuka zaidi ya mita 1 hivi, likimgonga mtembea kwa miguu, lina uwezekano wa karibu asilimia 45 zaidi wa kumuua kuliko gari lenye boneti fupi iliyoinama. Huku kuna njia za waenda kwa miguu sehemu nyingi. Huko watoto huenda shule wakipita ukingoni mwa barabara, pamoja na boda boda, baiskeli na ng'ombe. Mtoto mdogo akisimama karibu mbele ya boneti kama hizi, dereva anaweza asimwone kabisa.

Na Marekani yenyewe ilijizungushia ukuta. Mwaka 1964 iliweka ushuru wa asilimia 25 kwa pikapu kutoka nje, kisa kikiwa mgogoro wa biashara ya kuku na Ulaya. Hiyo ni sababu mojawapo ya Hilux mnayoiona kila siku kutouzwa huku. Makampuni ya Marekani yakakua bila ushindani mkubwa wa pikapu ndogo za bei nafuu. Sasa yanataka masoko ya ng'ambo, na Agosti 2025 Marekani na Umoja wa Ulaya zilitangaza nia ya kutambuana viwango vya magari. Tusipokuwa macho, hata sisi tutauziwa ukubwa tusiouhitaji.

Simaanishi tuwafungie milango. Namaanisha walete kinachofaa. Thailand, mwishoni mwa 2023, Toyota ilizindua Hilux Champ kwa bei ya kuanzia baht 459,000, karibu dola 13,000: gari sahili ambalo mwenye nalo anaweza kulifungia bodi ya kazi yake. Isuzu inaunganisha D-Max Nairobi, kwa hiyo kazi hii si ngeni kwetu. Hata hapa Louisville, Agosti 2025 Ford ilitangaza itaunda pikapu ya umeme ya ukubwa wa kati, ya dola 30,000 hivi, kuanzia 2027. Hiyo nitaifuatilia, ingawa kwetu itategemea umeme utakaofika vijijini.

Msimamo wangu ni huu: pikapu kubwa kabisa zibaki kwenye barabara zilizotengenezewa. Kwetu zije zenye usukani wa kulia, bodi ndefu, bei ya mkulima na spea zinazopatikana Mbarara.

Nanyi vijana mnaochanga fedha za gari la kikundi, kabla ya kulipa pimeni bodi, muulizeni fundi kuhusu spea, na mpigie hesabu mafuta ya mwezi mzima. Gari lisilojilipia kwa mzigo wake msilinunue.

Wenu katika ughaibuni.