Fomu ya afya ya mtoto wa bweni si ya kujaza haraka haraka

Kila mwaka TAMISEMI ikishatangaza waliochaguliwa kujiunga na kidato cha tano, nyumba nyingi za Mbamba Bay, Liuli na Lituhi huingia kwenye hesabu: godoro, shuka, chandarua, ndoo, jembe, sweta, nauli. Muhula huanza Julai, wakati kahawa ya Mbinga bado inachumwa na fedha za mnada hazijamfikia mkulima. Katikati ya pilika hizo ipo karatasi moja isiyohitaji kununuliwa dukani, na labda ndiyo maana huachwa mpaka dakika ya mwisho. Ni fomu ya uchunguzi wa afya.

Mama mmoja wa Mbamba Bay, muuza usipa, aliiacha hivyo hivyo. Kijana wake alipangiwa Kigonsera, sekondari ya serikali ya bweni iliyo kando ya barabara ya Songea hadi Mbinga. Jina hilo lina uzito katika Ruvuma. Wamisionari wa Kibenediktini waliingia Kigonsera mwaka 1899, na baadaye pakawa na seminari. Benjamin Mkapa, aliyekuja kuwa Rais kuanzia 1995 hadi 2005, alisoma hapo kabla ya kwenda Pugu. Kwao ni Lupaso, Masasi, zaidi ya kilomita 400 kutoka Kigonsera kwa barabara.

Siku hizi safari ya watoto wa ziwani ni fupi zaidi. Lami ya kilomita 66 imeiunganisha Mbamba Bay na Mbinga. Ada nayo si kikwazo kama zamani: ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na kidato cha tano na sita wakafuata mwaka 2022. Kabla ya hapo mwanafunzi wa bweni wa serikali alilipa Sh70,000 kwa mwaka.

Hali ya hewa ndiyo haijabadilika. Ziwa Nyasa liko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda kwenda Mbinga unavuka mita 1,000. Mtoto aliyezoea joto la ufukweni anafika bwenini katika miezi ya baridi kali. Anaamka alfajiri kwa kengele, anafagia, anaoga maji ya baridi, anakwenda paredi, na usiku anakaa prepo hadi muda wa kulala.

Kijana huyu ana pumu. Haimsumbui kila siku, ila baridi na vumbi humbana kifua. Walipokaa kujaza fomu alimwambia mama yake, "Mama, usiandike pumu. Watanirudisha."

Mama alisita. Jirani alikuwa ameshamshauri amtafute mtu wa kugonga muhuri tu, mambo yaishe. Ni ushauri unaosikika sana, na unatoka kwa watu wenye nia njema. Lakini fomu ile haikuwekwa ili kumchuja mtoto. Imewekwa ili mtu atakayemlea kwa miaka miwili ajue anamlea nani.

"Nikiwa hapa nakusikia ukikohoa, mwanangu," alimjibu. "Kule nani atakusikia kama hajui?"

Wakaenda kituo cha afya, na kijana akapimwa kweli. Mkojo ulionyesha kichocho, ugonjwa usio mgeni kwa watoto wanaooga na kuogelea ziwani. Akapewa prazikwanteli akameza. Pumu ikaandikwa kwenye fomu, pamoja na jina la dawa ya kuvuta anayotumia na namna ya kuitumia anapobanwa. Yule aliyeogopa kurudishwa akaenda shuleni akiwa na afya bora kuliko alivyokuwa wiki moja nyuma.

Mzazi mwenye safari kama hii ana mambo machache ya kukumbuka. Kama mtoto ana pumu, kifafa, sikoseli au anadhurika na dawa fulani, iandikwe, kisha aambiwe patroni au matroni ana kwa ana siku ya kuripoti. Dawa zimtoshe muhula, na mtoto ajue kuzitumia mwenyewe. Pampu ya pumu ikae mahali anapoweza kuifikia usiku, isifungiwe chini ya tranka.

Kwa wanaotoka ziwani kuna la ziada. Dalili za malaria zinaweza kujitokeza siku 7 hadi 30 baada ya kuumwa na mbu. Mtoto anaweza kuondoka nyumbani mzima, akaanza homa akiwa ameshazoea bweni, na wenzake wakadhani ni mafua ya baridi. Aelezwe mapema: homa yoyote ya wiki za mwanzo ikapimwe malaria siku hiyo hiyo. Na chandarua kifungwe, hata kama huko juu mbu wanaonekana wachache.

Siku ya kuripoti mama alimtafuta patroni, akamwonyesha pampu na ukurasa ulioandikwa pumu. Patroni aliuliza mambo mawili: humbana saa ngapi, na huanza vipi? Akaandika majibu kwenye daftari lake. Mama akaondoka kuwahi basi la Mbinga.