Kiu Katikati ya Maji

Kazi za chumba cha habari mnazijua. Leo tuache siasa, tuzungumze habari za tembo.

Shuleni niliaminishwa kwamba mamothi, tembo wale wa kale wenye manyoya marefu, walimalizwa na joto na mikuki ya wawindaji. Kumbe wapo waliokawia. Katika kisiwa kidogo cha St. Paul, Alaska, waliishi mpaka miaka 5,600 hivi iliyopita, na hakuna dalili kwamba binadamu alifika pale kabla ya karne ya 18. Sasa nani aliwaua?

Mwaka 2016 wanasayansi walitoa jibu baada ya kuchimba tope la ziwa moja kisiwani humo. Tope la ziwa ni kama daftari, jipya hulala juu ya la zamani. Kwenye tabaka za chini walikuta vinasaba vya mamothi na mbegu za kuvu waotao kwenye mavi ya wanyama. Juu zaidi, kimya.

Enzi ya Barafu ilipopamba moto (samahani, ilipopamba baridi!), bahari ilikuwa chini kwa takriban mita 120. St. Paul haikuwa kisiwa, ilikuwa sehemu ya uwanda mpana kati ya Asia na Marekani. Barafu ikayeyuka, bahari ikapanda, mamothi wakajikuta wamezingirwa. Kisiwa kikazidi kupungua, hali ya hewa ikawa kavu, maji matamu yakaadimika. Tembo wa leo hunywa lita 70 hadi 200 kwa siku. Wakasongamana ziwani, wakamaliza majani ya kingoni, udongo ukaporomokea majini, kina kikazidi kupungua. Wakaisha kwa kiu, bahari ikiwa pande zote.

Nasi tulikuwemo. Wakati huo Unguja iliungana na bara, ndiyo maana katika Pango la Kuumbi imekutwa mifupa ya pundamilia. Leo nitafutie pundamilia wa mwituni Unguja!

Bibi yangu anaishi pwani. Kisima alichokunywa usichanani, leo wanafulia tu. Chai yake ina chumvi kabla hujatia sukari. Huenda ni bahari, huenda ni pampu zinazovuta maji kupita kiasi, sijui, kwa sababu sijakwenda kuuliza. Niliwahi kupendekeza habari hiyo kazini, nikaambiwa kisima cha kikongwe si habari. Nikanyamaza, nikaandika ya mkutano wa mheshimiwa.

Jana nilimsimulia habari za mamothi kwenye simu. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Mjukuu wangu, hao tembo hawakuwa na mtu wa kuwasemea?"

Sikuwa na jibu. Jumamosi naenda, kwa nauli yangu. Nikirudi tutaongea.